Shemeji anagombea udiwani, anataka nimkopeshe hela na saruji alafu ananiahidi tenda za halmashauri. Nifanyeje wakuu?

Nondo_Kumi

Wakuu habari za jioni, poleni na upepo na hili vumbi maana huku kwetu kanda ya kati msimu huu ukifungua duka saa moja, ikifika saa nne unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya kaunta.

Niende kwenye mada. Nina kaduka kangu ka vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, misumari, rangi kidogo. Mji wenyewe mdogo na sitautaja kwa sababu tunajuana wote mpaka mbwa. Diwani wetu alitangulia mbele ya haki kwa hio kuna uchaguzi mdogo wa kata unakuja, na shemeji yangu, kaka yake mama watoto, amechukua fomu.

Jumapili akaja nyumbani, tukala vizuri, tumemaliza kunawa akaniomba tutoke tukakae chini ya mwarobaini. Nikajua hapa kuna jambo. Anataka milioni tatu taslimu na mifuko mia ya saruji kwa mali kauli. Hela ni ya "kuwaweka sawa wajumbe", wale wanaopiga kura za maoni ndani ya chama, hayo ni maneno yake sio yangu. Saruji anaipeleka kwenye msingi wa zahanati ambao wananchi walichanga wakaishia njiani, umekaa hapo misimu miwili ya mvua unaota majani, anataka uonekane umeinuka kwa mkono wake. Mimi saruji nauza 17,000 kwa hio mia ni 1,700,000, jumla 4,700,000. Mtaji wangu unaozunguka haufiki milioni kumi na mbili.

Malipo yake ndio haya: akipita, "kila darasa litakalojengwa kwenye kata yangu saruji inatoka kwako shem, wewe ndio utakuwa bohari ya serikali". Na mimi sio mtoto, najua hela ipo. Mwaka 2021 zile pesa za UVIKO za mkopo wa IMF, ile trilioni 1.3, zilipoingia yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila darasa, nami niliuza kwenye shule mbili nikalipwa kupitia benki bila longolongo maana walikuwa wanakimbizana na mwezi wa kwanza watoto waingie. Ile ndio iliyonifanya nijenge fremu ya pili. Kwa hio akisema darasa mimi naona fremu ya tatu, sitadanganya.

Sasa nauliza, diwani ana huo uwezo kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Na asiponipa nitamdai wapi, nikaseme nini polisi? Na je kisheria mimi mwenye duka naingia wapi hapo? Mama watoto nimemuuliza kasema sentensi moja tu, "ni kaka yangu na ni duka lako", akaenda kulala.

Natanguliza shukrani.

Zabibu_Chungu

Mkuu kaa vizuri nikuhadithie maana mimi ni maiti niliyefufuka.

Nilishagombea udiwani, kata niache, chama niache, mwaka nao niache. Fomu haikuwa tatizo, fomu mtu yeyote mwenye kuku wanne anaimudu. Tatizo ni kinachofuata nyuma ya fomu. Wajumbe kwetu walikuwa 180. Raundi ya kwanza nikaambiwa toa "nauli" elfu kumi kumi ili wakujue, hapo 1,800,000 imeondoka. Nikadhani nimemaliza. Wiki inayofuata wapambe wangu wananiambia kaka jina lako limepoa, mwenzio kapita na elfu kumi na tano, ikabidi nirudi na elfu ishirini ishirini, hio ni 3,600,000. Weka na mafuta ya boda, weka mbuzi wawili, weka soda za vikao vya usiku, weka wapambe wenyewe ambao kila asubuhi wanakuja kwako na tatizo jipya, mara mtoto anaumwa mara simu imeungua. Nilifika milioni nane na laki mbili. Niliuza kiwanja changu cha Nala, Dodoma, kiwanja ambacho leo nikipita na daladala nageuka dirisha la upande wa pili.

Usiku wa kuamkia kura mwenzangu akapita na elfu thelathini, mimi nimelala najua kazi imekwisha. Kura 23. Ishirini na tatu mkuu! Kuna mama mmoja mjumbe nilimpa raundi zote mbili na jogoo juu yake, siku ya matokeo alinikumbatia akalia machozi ya kweli kabisa. Kwenye tawi lake nilipata sifuri. Mwaka 2020 ule msemo wa wajumbe si watu ulivyosambaa mimi nilicheka kama wote, sikujua unanisubiri.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikupiga. Posho ya mwezi ya diwani ile tuliyoizoea kwa miaka ilikuwa 350,000. Zidisha kwa miezi sitini unapata milioni 21, na hapo hajala, hajavaa, hajachangia msiba hata mmoja, na diwani ndio mtu anayechangia misiba yote ya kata pamoja na ya watu ambao hakuwajua. Posho za vikao zipo ndio ila sio za kujengea ghorofa. Na shemeji yako anaingia uchaguzi mdogo, hio miezi sitini hana. Mtu anayeweka milioni kumi kwenye kazi hio ama ana wito wa ajabu ama anajua mlango mwingine wa kuingilia jikoni. Muulize shem ni yupi kati ya hao.

MtendajiMstaafu

Mbukwenyi. Nimefanya kazi ya utendaji wa kata miaka mingi kwenye halmashauri zaidi ya moja, nijibu hapo penye swali la uwezo maana watu wengi hawaelewi na wagombea wanapenda msielewe.

Diwani hashiki kalamu ya malipo. Afisa masuuli wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye hakuchaguliwa na mtu wa kata yenu. Zabuni zinapita kwenye bodi ya zabuni ambayo wajumbe wake ni watumishi, diwani hayumo. Diwani anakaa kwenye baraza na kamati, anapitisha bajeti, anauliza taarifa ya robo mwaka, anagomba, anaweza kusaidia kata yenu ipate darasa badala ya kata ya jirani, hapo ana nguvu na msimdharau. Lakini darasa likishapatikana, nani auze saruji sio lake. Tangu mwaka 2023 manunuzi yamehamia NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, hata shule zinapitishwa humo siku hizi. Wewe mwenyewe mkuu umejisajili NeST? Maana kama hujajisajili hata shemeji akiwa waziri hupati kitu. Jisajili, ni nafuu kuliko milioni nne na laki saba.

Swali la kumdai usilifikirie hata. Utamwambia hakimu nini, nilimkopesha hela ya kuwahonga wajumbe akaahidi kunipa tenda ya umma hajanipa? Utaingia unadai utatoka unadaiwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 haikuanzia kwenye kampeni, inagusa mpaka mchakato wa uteuzi ndani ya chama, na mgombea anatakiwa kueleza hela zake zinatoka wapi. Juu yake kuna sheria ya TAKUKURU ya 2007. Kuna wakati mambo haya yaliitwa takrima, mwaka 2000 ikaingizwa kabisa kwenye sheria ya uchaguzi kwamba ukarimu wa jadi sio rushwa, mpaka LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, na wenzao wawili wakaenda Mahakama Kuu na 2006 vifungu vile vikafutwa. Wazee wetu wa kata waliendelea kuiita takrima miaka kumi baadaye. Mimi niliwahi kumuuliza mzee mmoja mbona unapokea, akaniambia mwanangu hii ndio siku pekee serikali inanilipa pensheni.

Hata hio saruji ya zahanati, kama inakwenda wakati huu wa kutafuta kura, sioni tofauti yake na bahasha. Imevaa koti tu.

Mlenda_na_Uwele

Naona wote mmemgeuza huyo shemeji mwizi kabla hata hajala kiapo. Mimi nipingane kidogo.

Kata yetu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni kilomita thelathini na ushee, barabara ya mchanga, boda haendi chini ya elfu kumi. Mgombea anatakiwa afike kila kitongoji, akodi spika, aweke mafuta kwenye jenereta, achape vipeperushi, siku ya kura mawakala wake wakae kituoni kuanzia alfajiri mpaka kuhesabu, wale nini, upepo? Ruzuku ya serikali kwa vyama inaishia huko juu, mgombea udiwani wa kijijini haijui hata rangi yake. Sasa mkimwambia kila mwenye duka asichangie, anabaki kuchangiwa na nani? Na mwenye machimbo ya kokoto. Na dalali wa viwanja. Hao hawaji humu kuomba ushauri, wanatoa tu, na ndio wanapata diwani wao.

Tena ngoja niseme, Dodoma ile CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilipovunjwa 2017 kazi za viwanja zikahamia kwa manispaa na 2018 mji ukawa jiji, udiwani ambao zamani tuliuona kazi ya wazee wenye baiskeli ukaanza kuwaniwa na watu wenye magari ya vioo vyeusi. Mnadhani walichangiwa na akina nani, na chama cha akina mama wauza mlenda?

Ushauri wangu: mchangie. Ila mchangie kama unavyochangia harusi. Ukitoa laki kwenye harusi ya mtu huendi mwakani kudai, umekula pilau umeondoka. Kiasi kisichokuuma, mbele za watu, jina lako liandikwe kwenye daftari. Hio ya tenda mwambie sijaisikia.

Kuku_wa_Singida

Bohari ya serikali 😂😂😂 mkuu hilo jina liandike kabisa juu ya fremu.

Nondo_Kumi

Nimewasoma wote. Zabibu_Chungu pole sana aisee, ile ya jogoo imenivunja mbavu alafu ikaniuma.

NeST sijajisajili, nilikuwa nasikia tu. Ile 2021 walimu walikuja na karatasi zao wakaulizia bei maduka matatu wakachukua kwangu.

Sasa niseme ukweli nilioficha pale mwanzo. Mifuko ishirini ilishatoka. Alikuja jumatano nikiwa nimeenda mnadani, akamkuta kijana wa duka, akamwambia nimeongea na shem, kijana akampa na akaandika kwenye daftari "SHEM 20" basi. Ni 340,000. Zimeshapakuliwa pale kwenye msingi na mapicha yamepigwa yako kwenye magrupu ya WhatsApp ya kata, watu wanaandika jembe letu, mwamba. Nimeangalia ile picha, mifuko yangu naijua, ile miwili ya juu ina mkwaruzo wa rangi nyekundu, ilimwagikiwa hapa dukani.

Bi_Alizeti

Wanangu, mama yenu nimesoma nikasema na mimi nichangie maana hela hizi za kura sisi ndio tunazipokea na sisi ndio tunazilipa.

Kwanza huo msingi wa zahanati. Nondo_Kumi mwanangu umesema wananchi walichanga. Mimi najua michango hio inavyokwenda, kila kaya elfu tano, asiyekuwa nayo anabeba mawe, wamama wanabeba maji kichwani ya kuchanganyia zege, na Dodoma na Singida yote hakuna anayehitaji kuambiwa maji ya kichwani ni nini. Leo mtu anakuja na mifuko ishirini ya saruji ambayo hata sio yake, anapiga picha, msingi unakuwa wake. Hio mbona hamkuisema? Mmesema sheria sheria, mimi ingenichoma hio.

Pili, mikopo ya asilimia kumi. Kikundi chetu tulikuwa wanawake kumi, tulichukua milioni nane tukanunua mashine ndogo ya kukamua alizeti, tumerejesha mpaka senti ya mwisho, kuna mwezi nilimpa mweka hazina hela ya ada ya mjukuu ili tusichelewe. Wakati tunahangaika na katiba ya kikundi na mihuri na kurudishwa rudishwa kwa afisa maendeleo, kuna kikundi cha vijana kilisajiliwa kama radi, wiki haijapita wamepata mkopo wamenunua pikipiki. Pikipiki zile tulikuja kuziona kwenye msafara wa mgombea, zote na bendera. Marejesho hatukuyasikia. Halmashauri siitaji kama mwenzangu asivyotaja.

Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha hela zilivyokwama kwa vikundi, vingine hewa kabisa, na sisi tulioleta marejesho tukafungiwa mlango mmoja na wale wa pikipiki. Mwaka mzima na zaidi, mpaka 2024 ndio ikaanza kurudi. Na ilivyorudi nani anajisifu? Kila mgombea anasimama jukwaani "nimewaletea mikopo akina mama". Umeileta kutoka wapi baba? Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, iko kwenye sheria, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa gunia langu pale kizuizini na leseni ya duka la Nondo_Kumi. Ameniletea hela yangu mwenyewe na amechelewa nayo.

Kijana wako wa duka usimfukuze lakini. Angemkataliaje shemeji wa bosi?

Kifungu_cha_Bajeti

Mimi niko ndani ya mfumo kwa hio nitaongea kwa tahadhari. MtendajiMstaafu amesema kweli yote kuhusu nani anasaini, ila mkuu asije akaondoka humu anaamini kwamba kwa sababu diwani hasaini basi haingii. Anaingia. Haingii kwenye karatasi, anaingia kwenye simu.

Miradi ya fosi akaunti kule shuleni, ile ambayo shule inanunua vifaa na kutafuta fundi yenyewe bila mkandarasi, inasimamiwa na kamati, ujenzi, manunuzi, mapokezi, wananchi na walimu, mkuu wa shule ndiye anayehenya na malipo. Sasa mwalimu mkuu anapigiwa, "mwalimu, yule kijana wangu wa duka la pale kona mfikirie". Mwalimu anaogopa, maana diwani akisimama kwenye baraza akasema mradi wa shule fulani unasuasua, mwalimu ndio atakayeandika barua ya maelezo. NeST imepunguza, sitasema haijapunguza, kuna mambo ya zamani sasa hivi hayawezekani. Ila mtu akishaingiza mzigo wenyewe ndio pa kuangalia, kwa sababu mfumo unaona LPO, yaani oda ya kununulia, na ankara, hauoni lori.

Kuna sehemu niliwahi kwenda kufuatilia, darasa moja tu. Karatasi ya mapokezi inasema mifuko 120 ya saruji, sahihi zote tatu zipo, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ipo safi, mtu wa ofisini angepitisha. Sakafu ilikuwa inabanduka kabla ya likizo ya Desemba, ukiburuza dawati linaacha mchanga. Tunabishana pale na fundi anasema kokoto zilikuwa na udongo, akatokea mama mmoja mjumbe wa kamati ya mapokezi, hakusoma sana, akasema mimi mifuko mitupu ninayo. Ipo wapi? Kaifungia stoo ya jikoni, alikuwa anaiokota kila jioni baada ya fundi kuchanganya, anaikung'uta anaikunja, alipanga kushonea mikeka ya kuanikia uwele. Tukaihesabu chini pale mbele ya ofisi ya mwalimu, tukairudia mara mbili. 96.

Mifuko 24 ndio ile. Kwa bei yako ya 17,000 ni 408,000. Haijafika hata nusu milioni, na kwa ajili yake darasa zima sakafu imekufa. Muuza duka alivyobanwa alilia, akasema mheshimiwa aliniambia hivi, nilikuwa namdai tangu kampeni hana namna nyingine ya kunilipa, akaniambia jilipe kwenye mzigo. Unaona hapo? Hakupewa tenda ili apate faida. Alipewa tenda ili adai lake, na la kudai lilikuwa ni saruji ya watoto. Na mheshimiwa jina lake halikuwepo kwenye karatasi hata moja, lilikuwepo la mwenye duka.

Hapo ndipo unapokwenda Nondo_Kumi. Leo shem anakudai ukarimu, kesho wewe unamdai yeye milioni nne, na yeye hana mfuko mwingine zaidi ya ule wa mradi. Atakuambia jilipe. Utafanyaje, utakataa?

Na usisahau hata biashara halali na serikali inahitaji kifua. Ukilipwa kuna kodi ya zuio asilimia 2 inakatwa, alafu kuna kusubiri. Wazabuni wanaodai halmashauri wapo wengi, ripoti za CAG ziko wazi kwenye tovuti kila mwaka zinazungumza madeni hayo, kasome ya halmashauri yenu jioni moja badala ya kuangalia mpira. Kama mtaji wako ni milioni kumi na mbili usiweke serikalini zaidi ya unachoweza kukisubiri miezi sita.

Mlenda_na_Uwele

Kifungu hapo umenimaliza, ile ya "jilipe kwenye mzigo" sikuwa nimeifikiria. Ila harusi nabaki nayo.

Zabibu_Chungu

Mifuko mitupu!! Huyo mama angekuwa mjumbe kwetu ningempa kura mimi.

Nondo_Kumi

MREJESHO

Wakuu nimekaa siku tano nafikiria, naleta mrejesho kama nilivyoahidiwa kutukanwa nisipoleta.

Nilimwita shem juzi, sio chini ya mwarobaini, nilimwita dukani mchana watu wakiwepo. Nikamwambia ile mifuko ishirini nimeifuta, sikudai, na sio mchango wa kampeni, nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia aandike kwenye daftari la michango ya zahanati jina la duka langu, mifuko 20, tarehe, na akanipa karatasi yenye muhuri. Mwenyekiti alishangaa kidogo, alidhani ni ya mgombea, akacheka akaandika. Alafu nikamwambia shem hela ya wajumbe sina na hata ningekuwa nayo nisingetoa, lakini ukifungua daftari la kuchangia mafuta na spika, la wazi, mimi naanza na laki moja.

Akaniuliza "laki moja?" kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akakaa kidogo anachezea kopo la misumari. Akasema sawa shem, ndio siasa, tutajuana. Akaondoka hakuaga kijana. Jioni mkwe akapiga simu kwa mama watoto, waliongea karibu saa nzima na mimi nikajifanya naangalia taarifa ya habari. Alivyomaliza nikamuuliza mama anasemaje, akasema "anasema una roho ngumu", akaniwekea chakula, na kile kipande cha nyama alichoweka kilikuwa kikubwa kuliko cha siku zote, kwa hio sijui upande gani yupo na sijauliza.

NeST nimejisajili, kijana wa stationari amenisaidia, TIN na leseni vilikuwepo ila leseni ilikuwa imepitiliza wiki tatu, nikailipia kwanza. Hapo nimejifunza kwamba na mimi nilikuwa nadaiwa na halmashauri.

Asubuhi hii nafungua duka naona Fuso imepaki kwa jirani yangu yule wa ng'ambo ya barabara, inapakia saruji, na shem amesimama pembeni ameshika simu anawapanga vijana wa kupiga picha. Jirani ananipungia mkono anacheka meno yote. Nilisimama mlangoni nikaanza kuhesabu mifuko. Nilifika themanini, mteja akaja anataka misumari ya nchi nne robo kilo, nikaingia ndani kumpimia.